Nimekutwa na VVU lakini siumwi popote. Kuna ulazima wa kuanza dawa sasa hivi?

Mtu wa Shifti:
Wakuu habari. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunishambulia.

Nina mke na watoto. Mke akiwa na ujauzito wa huyu wa mwisho alipima kliniki, akakutwa hasi. Nikashusha pumzi, nikajua na mimi niko salama, kwa hiyo sikwenda popote. Juzi kazini walikuja watu wa afya kupima presha, sukari na VVU. Mimi shida yangu ilikuwa presha tu, lakini kukataa kile cha tatu mbele ya wenzangu niliona noma, nikatoa kidole. Mistari miwili. Wakarudia kwa kipimo kingine, na kingine tena, majibu yale yale.

Kinachonivuruga ni kwamba yule mhudumu alitaka nianze dawa siku ile ile. Nabeba mizigo kutwa nzima, sijapungua hata kilo moja, kikohozi sina. Kaka yangu mmoja enzi zile alihudhuria kliniki muda mrefu anaambiwa "bado, CD4 zako ziko juu", yaani zile chembe za kinga kwenye damu. Mimi naharakishwa nini? Si nitauchosha mwili na dawa mapema, halafu siku nikizihitaji kweli zigome? Na kama mke ni hasi, hivyo vipimo si vimekosea?

Nilipewa kikaratasi cha rufaa, nimekikunja nikakificha chini ya soli ya buti la kazini. Mke hajui chochote.

Kichwa Ngumu:
Usianze mkuu. Ukishaanza umejifunga maisha. Nawajua watu wana miaka na miaka wanadunda bila kidonge. Kula vizuri, piga zoezi, punguza mawazo.

Nesi Mstaafu:
Mdogo wangu, huyo hapo juu akupitie mbali.

Alichoambiwa kaka yako kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Zamani mtu alisubiri CD4 zishuke hadi 200 ndipo aanze. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha kiwango hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015 likakifuta kabisa: ukikutwa na virusi, unaanza. Hawakuamka tu wakaamua. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulioitwa START, watu 4,685, wote CD4 zao ziko juu ya 500, yaani watu wa aina yako, wanaojiona wazima. Nusu walianza dawa mara moja, nusu wakasubiri. Walioanza mapema, hatari yao ya kupata ugonjwa mkubwa au kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Na sikiliza hapa: kwenye kundi la kusubiri, wengi waliopata TB na saratani walizipata CD4 zao zikiwa bado juu. Kwa hiyo hizo nguvu za kubeba mizigo hazikuambii chochote kuhusu kinachoendelea kwenye damu.

Kuhusu dawa kugoma: hazigomi kwa sababu umeanza mapema. Zinagoma ukimeza leo, kesho ukaacha, wiki ijayo ukakumbuka. Hapo virusi vinajifunza kuizoea dawa.

Na vipimo vitatu vikisema kitu kimoja, usikae unasubiri cha nne nyumbani. Ukifika kliniki waambie wahakiki tena kabla hujaanza, ni utaratibu wa kawaida, wala hawatakasirika.

Mama Mapacha:
Wanaume mna tabia ya kupimia kwenye kadi za wake zenu. Mwanamke akitoka kliniki na hasi, baba anatembea kifua mbele. Kaka, pale ilipimwa damu ya mkeo, yako haikuwepo.

Wapo wenza wengi tu mmoja anavyo na mwingine hana, tena kwa miaka, kwa sababu siyo kila mkikutana virusi vinapita. Inawezekana pia umevipata baada ya kile kipimo chake. Au alikuwa hasi wakati ule na leo siyo. Mtoto wa mwisho bado ananyonya? Maana mama akiambukizwa kipindi ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi mno mwilini mwake siku hizo za mwanzo na mtoto yuko kwenye hatari kubwa. Hili mimi lingeninyima usingizi kuliko habari za kuchosha mwili.

Mtu wa Shifti:
Bado ananyonya.

Mzee wa Kopo:
Ndugu yangu, mimi natumia. Nilikuwa kama wewe, tofauti ni kwamba mimi nilisubiri hadi TB ikanilaza.

Tuseme ukweli, wengi wetu hatuogopi kidonge. Tunaogopa lile benchi. Unakaa umezungukwa na akina mama, unawaza nani atapita akuone, na bosi umemdanganya unaumwa jino. Nilichogundua ni kwamba ukishatulia kwenye dawa hawakuiti kila mara, sehemu nyingi unapewa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kidonge chenyewe ni kimoja kwa siku, ndani kina dawa tatu. Mimi nilihamishia kwenye kopo lisilo na maandishi, nikaweka pamba isigongegonge nikitembea. Mwanzoni usingizi ulinisumbua, nikaambiwa nimeze asubuhi, ikaisha. Kitambi kiliongezeka, hilo sitakuficha.

Faida ambayo wanaume hatuambiwi mapema ni hii. Virusi vikifubazwa hadi kipimo hakivioni, humwambukizi mwenza wako kwa kujamiiana. Kuna utafiti wa PARTNER, matokeo yalitoka 2016: jozi 888 za wenza, mmoja anavyo na anatumia dawa vizuri, mwingine hana. Walikutana bila kondomu karibu mara 58,000. Aliyeambukizwa na mwenza wake hakupatikana hata mmoja.

Kichwa Ngumu:
Mnaongea kama mmelipwa.

Mzee wa Kopo:
Nililipwa kikohozi na kulala wodini. Endelea na zoezi lako.

Mtu wa Shifti:
Asanteni. Suala la dawa naanza kulielewa. Mke ndiyo mtihani. Nikimwambia ataondoka na watoto. Siwezi kuanza kimyakimya kwanza, hali ikitulia ndipo nimwambie?

Mama Mapacha:
Hapana. Na mtoto ananyonya? Mwambie leo.

Nesi Mstaafu:
Mama Mapacha nakuelewa, ila akisubiri ujasiri wa kuongea ndipo aanze dawa, tutamkosa kwa yote mawili. Kuanza dawa hakuhitaji ruhusa ya mke. Nenda kesho uanze, na kuanzia usiku huu tumia kondomu, maana dawa huchukua miezi kadhaa kufubaza virusi, na utajua vimefubaa kwa kupima wingi wa virusi, siyo kwa kujisikia vizuri.

Lakini mke hawezi kusubiri miezi hiyo. Ukiwa kliniki mwombe mshauri akusaidie: mnaweza kuitwa wote wawili, mkapimwa pamoja na majibu yakatolewa mbele yake. Nimewakalisha wenza wengi hivyo. Wapo walioondoka wamenuniana, ila mtu wa tatu akiwepo chumbani maneno huwa na breki. Akiwa hasi, kuna dawa kinga ya kumeza, PrEP, atatumia wakati wewe unafubaza, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa. Akiwa chanya, anaanza dawa na mtoto anapewa dawa yake ya kinga na kupimwa.

Mtu wa Shifti:
Kesho naingia usiku, kwa hiyo asubuhi nitapita. Swali moja: natumia sana vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Vina shida na hizo dawa?

Nesi Mstaafu:
Umeuliza la maana, wengi hawasemi. Kidonge cha sasa karibu kila mahali kina dolutegravir, na hivyo vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu vinaizuia isifyonzwe vizuri. Meza dawa yako angalau saa 2 kabla ya cha kiungulia, au saa 6 baada yake. Nenda nacho ukawaonyeshe pakiti yenyewe.