Mke kabaki nje na watoto, likizo imeisha. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, usingizi umenipotea.

Mke wangu alikwenda kwao, nchi nyingine, na watoto wetu wawili wa miaka 5 na 9 kwa likizo ya shule. Tiketi zilikuwa za kwenda na kurudi. Mama yake akaugua, nikamwandikia abaki hadi mgonjwa apate nafuu. Mgonjwa kapona, shule zimefunguliwa, sasa ananiambia hawarudi. Watoto kawaandikisha shule huko na kesi ya malezi kaifungua. Mwaka haujatimia. Ndugu zangu wanasema nipande ndege nikawachukue kimya kimya.

Mdau wa Sheria: Pole sana mkuu. Usiende kuwatorosha! Ukifanya hivyo wewe ndiye utakuwa mtuhumiwa, na watoto watang'olewa mara ya pili.

Kwanza ulizia kama Mkataba wa The Hague wa 1980, ule wa kurudisha watoto waliopelekwa au kuzuiliwa nchi nyingine isivyo halali, unafanya kazi baina ya nchi hizo mbili. Zaidi ya nchi 100 zimo, ila nchi iliyojiunga baadaye lazima ikubaliwe na ile nyingine. Kama unafanya kazi, peleka maombi kwa Mamlaka Kuu ya nchi yako inayosimamia mkataba huo. Unahusu watoto walio chini ya miaka 16.

Mahakama ya kule haitauliza nani mzazi bora. Itaangalia makazi ya kawaida ya watoto yalikuwa wapi, kama ulikuwa na haki ya malezi na ukiitumia, na kama wamezuiliwa bila ridhaa yako. Ikiamuru warudi, nani akae nao itaamuliwa na mahakama ya huko kwenu. Na ile kesi ya malezi aliyofungua inatakiwa isimame mara mahakama ikiarifiwa kuhusu madai yako.

Sasa muda. Maombi yakifika mahakamani kabla ya mwaka kutimia, kurudishwa ndiyo kanuni. Baada ya hapo anaweza kujitetea kwamba watoto wameshazoea huko. Kinachohesabiwa ni siku kesi inapofunguliwa katika nchi waliko, kwa hiyo fomu uliyokabidhi kwenu isikupe utulivu. Fuatilia.

Mama Wawili: Kaka, ule ujumbe wa "baki hadi mama apone" utunze kama ulivyo. Unaonyesha ruhusa ilikuwa na mwisho. Mwandikie leo, kwa heshima, kwamba hukubali wabaki. Ukimya unaweza kuhesabiwa kuwa umeridhia.

Niliyekimbia: Mimi nilikuwa upande wa pili. Niliondoka na mwanangu kwa sababu ya kipigo, na msaada ulikuwa Kifungu cha 13 cha mkataba huo wa The Hague: mahakama inaweza kukataa kumrudisha mtoto pakiwa na hatari kubwa kwake kimwili au kisaikolojia. Pia mtoto aliyepevuka vya kutosha akipinga kurudi, anaweza kusikilizwa. Huyo wa miaka 9 huenda akaulizwa. Ndugu, nisamehe kwa swali hili: kuna jambo mkeo analikimbia?

Mleta uzi: Hakuna kipigo, dada. Anasema huku hana mtu, amechoka upweke. Nilikuwa nalisikia hilo kama lawama tu.

Niliyekimbia: Basi hapo pana pa kuzungumza. Omba usuluhishi, lakini uende sambamba na kesi, maana mazungumzo peke yake hayasimamishi ule mwaka. Mkielewana, makubaliano yapelekwe mahakamani katika nchi zote mbili, yawe na nguvu kote.

Mleta uzi: Asanteni. Kesho naanza na Mamlaka Kuu. Na kama mkataba haufanyi kazi baina yetu?

Mdau wa Sheria: Hapo unahitaji wakili wa kule kule, afungue maombi kwa sheria za nchi hiyo. Ni njia ndefu zaidi. Amri ya mahakama ya kwenu inaweza kusaidia kama ushahidi, hata kama haiwabani. Wakati huo wote endelea kuwapigia watoto, na usiwape kazi ya kumshawishi mama yao.