Sururu na zana za mkono za watafutaji dhahabu: namna ya kuzitambua na kuzihifadhi

Mjukuu wa Mkomani (Lamu) anauliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Tulipokuwa tukipanga vitu vya nyumba ya marehemu babu yetu hapa Mkomani, tulifungua sanduku lake la mbao tukakuta sururu ndogo yenye ncha upande mmoja na kichwa bapa cha nyundo upande wa pili, sururu kubwa yenye ncha pande zote mbili, nyundo fupi nzito, tindo ndefu za chuma cha pembe nane, kinu kidogo cha chuma pamoja na mchi wake, na karai pana lisilo na kina kirefu. Babu alikuwa seremala, na katika ujana wake alikwenda bara kufanya kazi Kakamega baada ya dhahabu kupatikana huko mwaka 1931. Aliporudi Lamu alifanya kazi za ujenzi, na ami yangu anashikilia kwamba sururu kubwa ilikuwa ya kukatia mawe kule kisiwani Manda, wala haikufika Kakamega kamwe.

Ningependa kuandika maelezo sahihi ya kila kifaa kabla wazee waliobaki hawajatutoka. Je, chombo chenyewe kinaweza kutuambia kilichimba nini? Na tukihifadhi vipi katika upepo huu wa bahari unaokula hata bawaba za milango?

Mhunzi wa Malindi:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Chombo kinasema mengi, ila wengi hukimbilia muhuri wa kiwanda, nao ndio shahidi dhaifu kuliko wote. Kampuni kama Collins ya Connecticut, Marekani, ilitengeneza zana tangu mwaka 1826 hadi 1966, na bidhaa zake zilitumiwa na wakulima, wajenzi na wachimbaji bila ubaguzi. Anza na ncha.

Dhahabu ya miambani hukaa mara nyingi katika mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu ambalo ugumu wake katika kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, ni 7. Feleji ya zana za kawaida iko chini kidogo ya hapo, kwa hiyo kwatzi huikwaruza feleji na kuimega. Mawe ya matumbawe ya Manda na ya huku kwetu yako kati ya 3 na 4, nayo huilainisha ncha polepole bila kuitafuna. Chukua kioo cha kukuzia, uitazame ncha kwenye mwanga wa ubavuni: ukiona mikwaruzo ya kina inayofuata urefu wa ncha pamoja na vijipengo vyenye kingo kali, hiyo imepiga jiwe gumu, ukiona ncha imekuwa butu na laini, ami yako huenda ana haki. Tazama pia urefu wa pande mbili za sururu kubwa. Ncha ikishakuwa butu hurudishwa kwa mhunzi, naye huitia motoni, huifua juu ya fuawe hadi ichongoke, kisha huichovya ncha peke yake majini ili iwe ngumu huku shina likibaki na unyumbufu wa kustahimili pigo. Kila safari ya mivukutoni hupunguza chuma, ndiyo maana sururu iliyofanya kazi ngumu kwa miaka huwa na pande zisizolingana.

Kwangu mimi, ushahidi mkubwa kuliko sururu zote mbili ni zile tindo. Tindo ya pembe nane yenye mdomo uliopanuka kuliko shina lake ni ya kutobolea mwamba. Mchimbaji aliishika kwa mkono mmoja, akaipiga kwa nyundo ya takriban ratili 4, na baada ya kila pigo akaizungusha kidogo ili tundu libaki duara na tindo isinase; tundu likifika kina cha kutosha, hutiwa baruti. Mkata matumbawe hana haja ya kazi hiyo. Ukiona kichwa cha tindo kimefumuka pande zote kama uyoga, basi ilipigwa sana.

Kinu, mchi na karai ni seti moja. Kipande cha mshipa kilitwangwa hadi kikawa unga, unga ukaoshwa karaini kwa mzunguko wa polepole, maji yakachukua jiwe na dhahabu ikabaki chini, kwa kuwa dhahabu ina uzito unaozidi ule wa maji ya ujazo sawa mara 19 na kwatzi haifiki hata mara 3. Karai jipya lilichomwa motoni kwanza kuondoa mafuta ya kiwandani, kwani mafuta huzifanya chembe nyembamba za dhahabu kuelea na kupotea. Rangi ya buluu-nyeusi ikibaki ndani, usiidhanie kuwa uchafu.

Kijana wa Barani (Malindi):

Kwa upande wa kutu, zilowesheni zote ndani ya siki usiku mmoja, kisha mpitishe mashine ya kusagia chuma. Zitang'aa kama mpya, na mnaweza kulichoma tena karai kama walivyofanya wenyewe.

Mtunza vya Kale (Lamu):

Ndugu yangu Kijana, ninakuomba usilishauri jambo hilo, na wewe Mjukuu usilifanye. Mashine itafuta mikwaruzo ile ile ambayo Mhunzi ametueleza, na bila mikwaruzo hiyo mtabaki na chuma kinachong'aa kisichoweza kujibu swali lenu. Kulichoma karai ni hatari ya afya: watafutaji dhahabu wengi walitumia zebaki kukusanya chembe ndogo, na mabaki yake yakipata moto hutoa mvuke wenye sumu. Karai na kinu visiingie jikoni kamwe, hata kwa kutwanga bizari, na anayevisafisha avae glavu.

Kinachoila chuma hapa kisiwani ni chumvi iliyojificha ndani ya kutu. Piga picha kila upande kwanza, kisha loweka sururu, nyundo na tindo katika maji ya mvua yaliyotiwa magadi, uyabadilishe kila baada ya siku kadhaa. Magadi huzuia kutu mpya wakati chumvi inatoka. Mpini wa mbao usilowekwe. Kausha vizuri juani, sugua kwa brashi laini, halafu paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika tapentaini. Mafuta ya nazi yataonekana mazuri kwa muda, kisha yatachacha na kushika vumbi.

Kisheria msiwe na hofu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kifaa kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Katika maelezo yenu, nawasihi muandike pia kwamba mwaka 1932 sheria ya ardhi za wenyeji ilibadilishwa ili ardhi itwaliwe kwa ajili ya migodi bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Zana hizi zilichimba katika mashamba ya watu.

Mjukuu wa Mkomani:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Tindo zote zimefumuka vichwa, na sururu ndogo ina mikwaruzo kama ilivyoelezwa. Sururu kubwa ina ncha butu iliyo laini, na karibu na tundu la mpini kuna alama ya mshale ulioelekea juu pamoja na tarakimu 1917. Mpini wake umepigiliwa kabari.

Mhunzi wa Malindi:

Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mwaka huo ni wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi au kazi za serikali kabla dhahabu ya Kakamega haijajulikana, na ncha inamuunga mkono ami yako kuhusu kazi yake ya mwisho. Lakini ncha huonyesha kazi ya mwisho tu, kwani kila inapofuliwa upya alama za zamani hufutika. Andikeni "ilitumika kukatia mawe", msiandike kwamba haikufika Kakamega. Ama kabari, mpini wa sururu wa asili hupitishwa kutoka juu hadi sehemu yake nene ibane tunduni, nao hauhitaji kabari. Huo uliopo uliwekwa baadaye, na kwa kuwa babu alikuwa seremala, muulizeni ami kama ni mkwaju na kama aliuchonga mwenyewe.