Uzuri wa Mwanza: tunasifu miamba, nyumba zilizo juu yake, au picha tunayoiona tukiwa mbali?

Muulizaji wa Nyegezi:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Ninaomba tusaidiane kufikiri juu ya jambo la ujumi, yaani fikra juu ya uzuri, lakini si ujumi wa shairi wala wa kinyago, bali wa mazingira tunayoishi ndani yake.

Mgeni akifika Mwanza, aghalabu hupelekwa kwanza ukingoni mwa Ziwa Victoria karibu na kivuko cha Kamanga ili auone Mwamba wa Bismarck. Kisha hupandishwa Capri Point, na kutoka huko huviona vilima vya mji vikiwa vimejaa nyumba zilizojipenyeza katikati ya mawe makubwa hadi karibu na vilele. Wageni wengi husema mandhari hayo ni mazuri, nami ninaona hivyo pia. Shida yangu huanza ninapojiuliza ni kitu gani hasa ninachokisifu. Mbele ya mchoro wa ukutani ninajua mpaka wake uko wapi, ninajua yupo mtu aliyeuchora kwa nia fulani, na ninaweza kujifunza mtindo wake ili niuelewe zaidi. Kilima cha mawe hakina fremu wala mchoraji, na nyumba zilizo juu yake, ingawa zina wajenzi wengi, hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kutengeneza picha ile ninayoiona nikiwa ng'ambo. Basi ni nini kinachoniongoza kusema kwamba ninayaona mazingira hayo kwa namna iliyo sahihi, au kwamba mwingine ameyaona vibaya?

Lipo na swali la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Katika nyumba zile ninazozisifu wapo watu wanaopanda na ndoo za maji vichwani kwa sababu gari haliwezi kufika. Je, ni halali kuita kizuri kitu ambacho kwa anayeishi ndani yake ni taabu?

Mwalimu wa Malimbe:

Ndugu Muulizaji, swali lako la kwanza lina historia, na ni vema tuipitie kwa ufupi. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyeandika mwaka 1790 juu ya hukumu za uzuri, alichukua mifano yake mingi kutoka katika maumbile: maua, ndege, bahari iliyochafuka. Baada yake Hegel, naye mwanafalsafa wa Ujerumani, aliweka sanaa juu ya maumbile, na kwa muda mrefu wanafalsafa wa ujumi waliandika juu ya sanaa peke yake. Mwaka 1966 Ronald Hepburn, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika makala ya kulalamikia upungufu huo. Alieleza jambo lilelile ulilolitaja wewe, kwamba maumbile hayana fremu, na akaongeza kwamba mtazamaji mwenyewe yumo ndani yake, amezungukwa pande zote. Kwa Hepburn hali hiyo si kasoro. Sauti isiyotarajiwa au harufu inayoletwa na upepo inaweza kubadilisha kila kitu nilichodhani nimekwisha kukiona, na hapo ndipo utajiri wa maumbile ulipo.

Kuyaona mazingira kama picha ni desturi yenye asili yake. Katika karne ya 18 watalii wa Uingereza walitembea na kioo kidogo cheusi kilichopewa jina la mchoraji Claude Lorrain. Walikuwa wakiyapa mandhari mgongo na kuyatazama ndani ya kioo hicho, kwa sababu humo yalionekana madogo, yametulia, na yenye rangi kama za mchoro. Anayesimama Capri Point leo akalipa ziwa mgongo na kuliangalia katika simu anafanya jambo la jamii hiyohiyo. Simlaumu, lakini ninasema anapata sehemu ndogo sana ya kile kilichopo.

Jibu linalonishawishi zaidi ni la mwanafalsafa Allen Carlson, aliyeandika makala yake mashuhuri mwaka 1979. Anasema kwamba kama historia ya sanaa inavyotuongoza mbele ya mchoro, ndivyo elimu ya maumbile, yaani jiolojia, biolojia na ikolojia, inavyopaswa kutuongoza mbele ya mlima au kinamasi. Chukua mawe yetu. Wengi hudhani yaliviringika yakapandana, na wakiyatazama huona ajabu tu. Lakini haya ni matale, yaani granaiti, sehemu ya tabaka la kale sana la ardhi ya Tanzania lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka uliganda chini kabisa ya ardhi. Miamba iliyokuwa juu yake ikamomonyoka katika muda usiofikirika. Matale yakapasuka kwa mistari ya wima na ya ulalo. Maji yakapenya katika mipasuko hiyo yakiwa bado ndani ya udongo na kuyala mawe taratibu, hasa pembeni, ambako yanashambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Ndiyo maana yakawa ya mviringo. Mwishowe mvua ziliuondoa udongo, na mawe yakabaki palepale yalipokuwa. Jiwe la juu halikupanda juu ya lenzake. Lilikuwa hapo tangu mwanzo. Mtu akilijua hilo, macho yake huona utulivu mahali ambapo kabla yake aliona hatari ya kuanguka.

Elimu hiyohiyo inaweza pia kuondoa uzuri. Gugumaji lina ua la zambarau la kupendeza mno, na ghuba iliyofunikwa nalo ingeweza kumvutia yeyote asiyejua. Sisi tunajua kwamba mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini, kwamba ulianza kuenea katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba huziba njia za mitumbwi na kuwanyima samaki hewa. Ninaliona ua hilo ni zuri likiwa moja. Zulia lake juu ya maji silioni zuri tena.

Mama wa Mabatini:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako kwa makini na yamenifundisha, hasa hayo ya mawe kutoviringika. Hata hivyo ninaomba niongeze upande ambao jiolojia haiufikii, maana mimi ninaishi juu ya hayo mawe.

Fundi anayejenga kilimani huanza kwa kulizunguka jiwe. Huangalia maji ya mvua yanapita wapi, huligonga kusikia kama limepasuka ndani, huchagua upande wa kuegemeza ukuta, na mara nyingi jiwe lenyewe huwa ukuta wa nyuma wa nyumba au msingi wake. Njia zetu hazikuchorwa na mtu yeyote. Zimefuata nafasi ambazo mawe yaliziacha, kisha watu wakaweka ngazi mahali penye utelezi. Mchana mawe hunyonya jua, na jioni ukikaa karibu nayo bado yana joto. Watoto hucheza juu yake, nguo huanikwa juu yake, majirani hukaa hapo kuongea. Mjusi wetu mwenye kichwa na kifua chekundu na kiwiliwili cha buluu, ambaye wataalamu wamempa jina la kisayansi lenye jina la Mwanza ndani yake, *Agama mwanzae*, hupanda ukuta na jiwe bila kutofautisha. Haya yote ni uzuri, na hayaonekani kutoka Capri Point hata kwa darubini. Yanajulikana kwa miguu, kwa ngozi na kwa masikio. Ninaelewa kwamba mwanafalsafa Arnold Berleant amebishana na Carlson kwa hoja ya namna hii, akisema kwamba mazingira huthaminiwa kwa kushiriki ndani yake kwa mwili mzima, wala si kwa kusimama kando na kutazama. Ninakubaliana naye.

Sasa swali la pili. Ndugu Muulizaji, usiite kilima chetu kizuri kwa sababu ni cha watu wenye kipato kidogo, na usikiite kibaya kwa sababu hiyohiyo. Ukosefu wa maji bombani ni mbaya, na haupambwi na kitu. Korongo linalobeba taka wakati wa masika ni baya. Ustadi wa kuweka nyumba mahali ambapo mhandisi angesema haiwezekani ni mzuri, na hauchafuliwi na ndoo ninayoibeba kichwani. Kinachoniumiza ni mtu anayesifu picha nzima kutoka mbali bila kutofautisha haya mawili, kwa sababu sifa yake hiyo inaweza kumfanya aamini kwamba hakuna kinachohitaji kubadilishwa.

Mvuvi wa Igombe:

Nitasema machache kuhusu ziwa, kwa kuwa wote mmeelekea milimani.

Wageni hupenda kuona taa za wavuvi wa dagaa usiku, namna zinavyotapakaa juu ya maji mpaka upeo wa macho. Ni kweli zinapendeza, nami baada ya miaka mingi ya kazi hiyo bado huzitazama. Ila mgeni hajui kwamba taa hizo huonekana kwa wingi katika giza, siku ambazo mwezi haupo, kwa sababu dagaa huzifuata taa pale tu ambapo hakuna mbalamwezi. Zamani zilikuwa karabai. Sasa nyingi ni za umeme wa jua, na mwanga wake ni mweupe zaidi. Mimi niliupenda ule wa karabai. Mvuvi huutazama uso wa maji akisoma upepo, na maji yakiwa ya kijani kibichi wakati wa shwari hasemi ni rangi nzuri, maana anajua ni mwani uliozidi.

Mwalimu amezungumzia elimu ya maumbile. Yapo na maarifa ya yaliyotokea. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi wamezikwa Igoma. Aliyeishi wakati ule halitazami ziwa lililotulia kama anavyolitazama mtu mwingine. Sisemi kwamba uzuri wake umepungua. Ninasema kwamba uzuri huo una uzito, na asiyeujua uzito huo analiona ziwa jepesi kuliko lilivyo.

Muulizaji wa Nyegezi:

Ninawashukuru wote, na Mzee wa Igombe, nimepokea neno lako kwa heshima. Mama wa Mabatini ameniondolea kosa la kudhani kwamba nilipaswa kutoa hukumu moja kwa kilima kizima. Hata hivyo ninaona tofauti iliyobaki kati yake na Mwalimu. Ikiwa elimu inaweza kuniambia kwamba ghuba yenye gugumaji si nzuri hata kama macho yangu yanafurahi, je, kushiriki kwa mwili kunaweza kuniambia nimekosea? Ninauliza kwa sababu ya jambo lililopo mbele yetu. Watu huwasha moto juu ya miamba ili ipasuke, kisha huigonga kupata kokoto. Aifanyaye kazi hiyo anashiriki kwa mwili wake kuliko sisi sote, na ana familia ya kulisha. Nitamwambia nini?

Mwalimu wa Malimbe:

Swali lako ni la haki, na hapo ndipo ninapoona kwamba kushiriki peke yake hakutoshi. Berleant anatufundisha namna ya kuyapokea mazingira, lakini anapata shida kutuambia ni lini tumeyapokea visivyo. Mvunja kokoto anaujua mwamba vizuri sana: anajua mshipa wake na mahali utakapokubali. Ujuzi huo ninauheshimu. Lakini kitu kilichochukua muda mrefu kiasi kile kutokea juu ya ardhi hakirudi, na hoja hiyo haitegemei macho yangu wala mikono yake. Tusimwambie kwamba anaharibu picha yetu. Tumweleze hasara ni nini, na tumtafutie mawe mahali pengine, kwenye machimbo yaliyotengwa kwa kazi hiyo, kabla ya kumkataza.

Mpangamiji mstaafu:

Nimefuatilia mjadala huu tangu asubuhi na ninaona umebaki katika yale yaliyokwisha kuwepo, ilhali mji unaendelea kujengwa. Hukumu ya uzuri inahitajika zaidi pale kitu kinapoamuliwa.

Angalieni Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa mwaka 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza. Wapo waliohofu kwamba saruji nyingi kiasi kile ingeliharibu ghuba. Kwa maoni yangu haikuwa hivyo, kwa sababu umbo la daraja linaonesha wazi kazi yake: nyaya zinabeba, nguzo zinapokea, njia inapita kwa kimo kidogo juu ya maji bila kuificha ng'ambo. Mtu aliyewahi kusubiri kivuko mahali pale akiwa na mgonjwa anauona uzuri mwingine tena, na sioni kwa nini tuutenge huo na ule wa macho. Kitu kilichojengwa na binadamu hatuwezi kukihukumu bila kuuliza kimejengwa kwa ajili ya nini na kinawafaa akina nani.

Kwa kipimo hichohicho, ukuta mrefu uliojengwa ukingoni mwa ziwa ni mbaya hata ukinakshiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na lengo lake ni kulinda maji na fukwe. Mimi ninaliona na faida ya pili: ukanda huo ukiachwa wazi, mtoto wa Mabatini na mgeni wa hoteli wanalifikia ziwa kwa njia ileile. Mahali ambapo ukingo umefungwa, mjadala wetu wote juu ya namna sahihi ya kulitazama ziwa unawahusu wachache waliomo ndani ya ukuta.

Kuhusu vilima, ombi langu kwa wanaopanga urasimishaji wa makazi ni kwamba kabla ya kuchora barabara wapite na mafundi wa mtaa, waandike ni mawe yapi yanabeba nyumba, yapi yanaongoza maji, na yapi watu hukaa juu yake jioni. Mama wa Mabatini ameitaja orodha hiyo karibu yote. Bomba la maji linaweza kufuata ngazi zilizopo bila kulipua jiwe hata moja, na hilo ndilo ningelitaka liandikwe katika mchoro wa kwanza.