Nimetibu fangasi mara nne, harufu haiondoki. Nakosea wapi?

Tulivu aliandika:

Habari zenu dada zangu. Ujumbe huu nimeuandika na kuufuta mara tatu, nivumilieni.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Shida yangu ilianza baada ya kumeza antibiotiki za kifua. Nilipata muwasho ukeni, usiku silali, mashavu ya uke yamevimba na kuwa mekundu, na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyokatika. Nikapewa klotrimazoli, kile kidonge cha kuingiza ukeni, na siku ya tatu nikawa mzima kabisa.

Baada ya wiki tano uchafu ukarudi. Nikajua ni ile ile, nikanunua dawa mwenyewe. Halafu nikameza flukonazoli. Halafu klotrimazoli tena. Kila nikimaliza dozi napata nafuu siku mbili, kisha mambo yanarudi palepale. Ila sasa uchafu wenyewe ni mwepesi, wa kijivu, wala hauniwashi sana. Kinachonimaliza ni harufu. Ni shombo kabisa, na inazidi baada ya tendo la ndoa. Nimeanza kumkwepa mume wangu, namwambia nimechoka. Kazini nakaa mbali na watu. Najiosha kwa sabuni mpaka ndani mara tatu kwa siku, na nimenunua ile sabuni ya maji ya ukeni yenye manukato.

Je, nina fangasi sugu? Kuna dawa kali zaidi ya hizi? Na je, mume wangu ndiye ananiambukiza?

MamaPacha alijibu:

Pole sana shoga, hali hiyo naijua, inaondoa raha ya nyumba. Mimi niliambiwa nitie siki kidogo kwenye maji ya uvuguvugu nijisafishe ndani. Harufu ilikata. Jaribu wiki moja.

Mkunga_Mzoefu alijibu:

Tulivu mdogo wangu, pole, na umefanya vema kuandika. Nimekuwa mkunga miaka 19. Kabla ya kuzungumza dawa, nataka turudi kwenye neno moja ulilolitaja mwenyewe: shombo. Fangasi wa ukeni hawatoi shombo. Wanawasha, wanachoma mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka, uchafu wao ni mzito na mweupe, lakini harufu haibadiliki sana. Ugonjwa wako wa kwanza ulikuwa fangasi kweli, kwa sababu antibiotiki za kifua ziliua na bakteria wazuri wa ukeni, fangasi wakapata nafasi. Ukapona. Huu wa sasa, kwa maelezo yako, ni ugonjwa mwingine, wa bakteria, na umekuwa ukiutibu kwa dawa ya ule uliokwisha kuondoka. Dawa ya fangasi haiui bakteria hata ukiitumia mwaka mzima.

Hauko peke yako katika hili, na si kwamba hujui mwili wako. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliopima wanawake 95 walioamini wana fangasi na kujinunulia dawa. Takriban thuluthi moja tu ndio waliokutwa na fangasi peke yake. Huwa naukumbuka kila mama anapokaa mbele yangu na kuniambia "nesi, ni fangasi tu, nipe dawa niende."

Uke wenye afya una bakteria wanaoitwa laktobasili. Kazi yao ni kutengeneza asidi, na ndiyo maana pH ya uke, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi, kwa mwanamke wa umri wako huwa kati ya 3.8 na 4.5. Ndani ya uchachu huo vijidudu wengi wabaya hawastawi. Laktobasili wakipungua, bakteria wengine waliokuwepo kwa uchache wanajaa, uchachu unapotea, na hapo ndipo unapata ute mwepesi wa kijivu na shombo. Kitaalamu inaitwa vajinosisi ya bakteria, wengi wanaandika BV. Harufu inazidi baada ya tendo la ndoa kwa sababu shahawa hazina uchachu. Zikigusana na ute huo, kemikali zenye shombo zinafumka hewani. Wengine huisikia zaidi wakati wa hedhi, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa sabuni. Hapa naomba unisikilize kama dada yako mkubwa. Kila unapoingiza sabuni ndani unawaosha laktobasili wako. Harufu inakata saa chache, inarudi na nguvu, unaosha tena. Umekuwa kwenye mzunguko huo kwa miezi, na umeuingia kwa sababu unapenda usafi, si kwa sababu ni mchafu. Uke hujisafisha wenyewe, ule ute ndiyo kazi hiyo. Osha nje tu, kwa maji, mara moja au mbili kwa siku. Ile sabuni ya manukato iache. MamaPacha, nakuheshimu na najua ulitaka kumsaidia, lakini siki nayo iachwe, na kujifukiza pia. Kuingiza chochote ndani kwa ajili ya kujisafisha kunaongeza BV.

Usinunue dawa tena kabla ya kupimwa. Kipimo si kigumu. Wanachukua ute kwa pamba, wanaugusisha kwenye karatasi ya pH, ikizidi 4.5 wanaanza kuwaza BV au trikomona. Kisha wanautazama kwa darubini. Kwenye BV utaona seli za ukuta wa uke zimegandwa na bakteria mpaka kingo hazionekani, kama zimemwagiwa mchanga. Trikomona ni kijidudu kinachojongea chenyewe, mara nyingi uchafu wake ni wa manjano au kijani, wenye povu, na hicho huambukizwa kwa ngono. Omba wakupime pia klamidia na kisonono, nayo ni magonjwa ya ngono, kwa sababu haya mawili mara nyingi hayaonyeshi dalili yoyote kwa mwanamke.

Ikithibitika ni BV, dawa ya kawaida ni metronidazoli, miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, au jeli yake, au krimu ya klindamisini. Metronidazoli inaacha ladha ya chuma mdomoni na wengine inawatia kichefuchefu. Meza baada ya kula, na maliza siku zote 7 hata harufu ikikata siku ya tatu. Ukipewa krimu au kidonge cha kuingiza, uliza kuhusu kondomu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinadhoofisha mpira wake.

Kuhusu mume wako: usimlaumu. Fangasi kwa kawaida si ugonjwa wa kuambukizana kitandani. Trikomona ikionekana, mtatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja hata kama yeye hajisikii chochote. BV ndiyo yenye habari mpya. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kumtibu mwanaume hakusaidii, na wagonjwa zaidi ya nusu walirudi ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia ambamo waume walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka uumeni kwa siku 7. Ndani ya wiki 12, BV ilirudi kwa wanawake 35 katika kila 100, ilhali pale ambapo mke alitibiwa peke yake ilirudi kwa 63. Kwa hiyo kama ikikurudia, mtajie daktari wako jambo hilo.

Usisubiri miadi kama una homa, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo la ndoa, vidonda, au kama kuna uwezekano una mimba. Mjamzito asimeze flukonazoli kwa kujinunulia, na BV kwa mjamzito huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

Bi_Rehema alijibu:

Naongezea upande wa pili, kwa anayesoma hapa na kweli ana fangasi. Mimi nilipimwa na ikaonekana fangasi mara nne ndani ya mwaka mmoja. Nilibadilisha nguo za ndani, nikaacha za nailoni nikavaa pamba, haikutosha. Daktari wa nne ndiye aliyeniuliza kama nakunywa maji sana na kukojoa usiku. Akapima sukari, nikakutwa na kisukari. Hakuna aliyewahi kunipima. Sukari ilipotulia, na dozi ya flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi sita, muwasho ukaisha. Fangasi wakirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, dai kupimwa sukari na VVU.

Tulivu aliandika:

Nimerudi baada ya siku 12. Nimesoma majibu yenu nikalia, hasa pale uliposema si kwa sababu ni mchafu.

Nilipimwa. pH ilikuwa juu ya 5, na chini ya darubini hawakuona fangasi hata mmoja. BV. Trikomona hakuna, klamidia na kisonono hakuna. Nimemaliza metronidazoli siku 7, ile ladha ya chuma ni ya kweli. Harufu ilikata siku ya nne. Sabuni ya manukato nimeitupa, ingawa siku mbili za kwanza bila kujiosha ndani nilihisi kama nimetoka nje bila nguo.

Swali moja dada mkunga: leo nimeona ute mweupe laini, unavutika kama ute wa yai, hauna harufu. Nimeogopa. Unarudi?

Mkunga_Mzoefu alijibu:

Hapana mdogo wangu, usiutibu huo. Hesabu siku zako. Kama uko katikati ya mzunguko, ute unaovutika ni dalili kwamba yai linakaribia kutoka. Baada ya siku chache utakuwa mzito kidogo, kisha utapungua. Ndio ute wako wa afya, ulikuwa hujauona miezi mingi.

Tulivu aliandika:

Ni siku ya 13. Asante.

Jana usiku nimemwambia mume wangu kila kitu. Alikuwa anadhani nimemchoka yeye. Ameniuliza kama na yeye aende akapimwe, nikamwambia twende wote.