Mnatubandika ubaoni kwa vitambi, ratiba ya zamu kaipanga nani?

Wakuu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Juzi kituoni kwetu yamebandikwa majina ya askari waliofeli mbio za kilomita 2.4. Wako kumi na mmoja. Juu ya karatasi mtu kaandika kwa kalamu nyekundu: VITAMBI. Jina la kwanza ni la mwenzangu wa doria, niliyetoka naye depo akiwa miongoni mwa wakimbiaji watatu bora. Leo, miaka tisa baadaye, nimemwona amesimama mbele ya ubao ule, mkono kiunoni, akisoma jina lake huku vijana aliowafundisha kazi wakimtazama. Akaondoka bila kusema neno.

Aliyebandika anajua huyu mtu alilalaje kabla ya hizo mbio? Alitoka lindo la usiku saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili alitakiwa mahakamani kutoa ushahidi, akakaa kwenye benchi hadi mchana, kesi ikaahirishwa. Akalala masaa matatu, jioni akarudi zamu. Alfajiri iliyofuata akapulizwa filimbi, kimbia!

Na huo mkanda nao. Bastola, risasi, pingu, rungu, redio, tochi, juu yake fulana ya kuzuia risasi. Ukiviweka kwenye mizani ni kilo 8 na zaidi. Unavikalia ndani ya gari masaa 12, pingu zinakuchoma mgongo kila gari linaporuka shimo. Mimi nikivua nakuta alama mbili nyekundu juu ya nyonga, na kuna wenzangu ambao zimeshakuwa weusi usiotoka. Ukilalamika mgongo unaambiwa hufanyi mazoezi.

Kinachonitisha kuliko vyote ni moyo. Umekaa masaa mengi, umekula ulichokipata saa tisa usiku kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa wazi, ghafla redio inaita na unatoka mbio kumkamata mtu anayepigania uhuru wake. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa vifo vya ghafla vya moyo kwa polisi wa Marekani. Hatari wakati wa kumdhibiti mtuhumiwa kwa nguvu ilikuwa mara 34 hadi 69 ya ile ya kazi za kawaida. Mara 34 hadi 69! Halafu sisi tunapimwa mbio tu. Mimi binafsi sijawahi kupimwa presha wala sukari na mwajiri tangu niajiriwe.

Kazi ya usiku yenyewe, wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka mwaka 2007 kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 wakarudia hivyo hivyo. Haya si maneno ya wavivu.

Wavivu wapo, sikatai. Na mwananchi ana haki ya kupata askari anayeweza kukimbia. Nikiitwa nyumbani kwa mama anayepigwa sitaki nifike nikihema. Ndiyo maana nina hasira. Shirika hilo hilo linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Tupeni saa moja mara tatu kwa wiki ndani ya zamu, dakika 180 zimepatikana. Siku ya mahakamani ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Mtu apimwe presha kabla ya kupulizwa filimbi, na asikimbizwe akitoka usiku. Ipi hapo inahitaji bajeti kubwa?

Askari wenzangu, kwenu kuna anayepewa muda wa mazoezi ndani ya zamu? Mlimwendeaje mkuu wenu? Nataka majibu ya kweli, maana marudio ya mbio yamepangwa Alhamisi asubuhi, na mwenzangu yuko lindo Jumatano usiku. Nimeiona ratiba kwa macho yangu.