DEBUG_INFO haibaki kwenye .config, na kerneli yenye machaguo yote ni nzito mno. Niwashe yapi?

mchwa64

Habari wakuu. Najenga kerneli ya Linux 6.6 ya x86_64 kwa ajili ya kudibagi moduli ya draiva ndani ya QEMU (programu ya mashine pepe). Moduli ikiondolewa kwa `rmmod`, mara nyingine mfumo unaanguka sekunde chache baadaye, na mara nyingine unaganda tu bila ujumbe wowote. Nimekwama sehemu tatu.

Kwanza, nikiandika `scripts/config -e DEBUG_INFO` kisha `make olddefconfig`, mstari unapotea na gdb (programu ya kudibagi) inasema `No debugging symbols found in vmlinux`. Pili, nikiweka `break start_kernel` gdb haisimami kabisa. Tatu, nikiwasha karibu kila kitu kilichomo kwenye menyu ya "Kernel hacking", mashine pepe inakuwa nzito kupita kiasi, initramfs (mfumo mdogo wa faili wa kuwashia) inavimba hadi /boot inajaa, na hitilafu yenyewe haitokei tena.

Naomba kujua machaguo yapi ni ya lazima, yapi yanagongana, na yapi ya kuacha.

---

Nanga

Mkuu, nianze na hilo la kwanza, maana bila simboli hayo mengine hayana maana.

Tangu toleo 5.18, `DEBUG_INFO` si chaguo la kuwashwa moja kwa moja. Linawashwa na chaguo jingine lililo chini ya "Debug information", na pale unachagua moja tu: hakuna, DWARF (muundo wa data za kudibagi) ya kawaida ya kompaila yako, DWARF 4, au DWARF 5. Ukiandika `DEBUG_INFO=y` peke yake, `olddefconfig` inakuta `DEBUG_INFO_NONE` bado imeshika nafasi, inaufuta mstari wako kimyakimya. Fanya hivi:

```
make O=../jenga-gdb x86_64_defconfig
make O=../jenga-gdb kvm_guest.config
scripts/config --file ../jenga-gdb/.config \
  -d DEBUG_INFO_NONE \
  -e DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT \
  -d DEBUG_INFO_REDUCED \
  -e GDB_SCRIPTS \
  --set-str LOCALVERSION "-gdb"
make O=../jenga-gdb olddefconfig
grep -E 'DEBUG_INFO|GDB_SCRIPTS' ../jenga-gdb/.config
```

Hiyo `grep` ya mwisho usiiruke. `scripts/config` inahariri maandishi tu, haijui utegemezi wa chaguo lolote. Anayeamua ni Kconfig, mfumo wa machaguo ya kerneli, na akikataa hatoi onyo. Kama unataka kuona alichobadilisha, nakili .config kabla ya `olddefconfig`, kisha linganisha nakala hizo mbili kwa `scripts/diffconfig`.

`DEBUG_INFO_REDUCED` inaonekana kama njia rahisi ya kuokoa diski, lakini inaondoa maelezo ya aina za data. Utapata namba za mistari, ila gdb haitajua ndani ya `struct task_struct` kuna nini, na amri za `lx-` (zinazoletwa na `GDB_SCRIPTS`) hazitafanya kazi. Diski ikitosha, iache imezimwa.

Sasa `start_kernel`. Hapo sababu ni mbili, na mara nyingi zinakuja pamoja. Moja ni KASLR: kerneli inajihamisha hadi anwani ya bahati nasibu inapowaka, kwa hiyo anwani zilizo kwenye vmlinux hazilingani na zilizo kwenye kumbukumbu. Weka `nokaslr` kwenye mstari wa amri ya kerneli, au zima `RANDOMIZE_BASE` kabisa katika ujenzi huu. Ya pili ni KVM, inayoendesha mashine pepe moja kwa moja kwenye prosesa. Ukitumia `-S`, mashine inasimama kabla hata kerneli haijafunguliwa kutoka kwenye bzImage. Kituo cha kawaida cha gdb hufanya kazi kwa kuandika baiti ya `int3` mahali msimbo ulipo, na wakati huo mahali penyewe bado hapana msimbo wowote. Tumia `hbreak`, inayotegemea rejista za prosesa na haiandiki chochote kwenye kumbukumbu:

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 4G -smp 2 -nographic -s -S \
  -kernel ../jenga-gdb/arch/x86/boot/bzImage \
  -drive file=diski.img,format=raw,if=virtio \
  -append "root=/dev/vda rw console=ttyS0 nokaslr"
```

Kisha kwenye dirisha jingine, ukiwa ndani ya `jenga-gdb`:

```
gdb vmlinux
(gdb) target remote :1234
(gdb) hbreak start_kernel
(gdb) continue
```

Ikishasimama pale, vituo vya kawaida vinafanya kazi bila shida. x86 ina rejista nne tu za vituo vya `hbreak`, kwa hiyo usizimalize kwa mambo madogo.

Kwa moduli yako, andika `lx-symbols /njia/ya/moduli` ndani ya gdb. Inasoma orodha ya moduli zilizopakiwa, inaweka simboli kwenye anwani sahihi, na inaendelea kufanya hivyo kila moduli mpya inapoingia. Amri ikikosekana, angalia mambo mawili: uwe umeendesha `make O=../jenga-gdb scripts_gdb`, na `~/.gdbinit` iwe na mstari wa `add-auto-load-safe-path` unaoelekeza kwenye folda hiyo. gdb inakataa kupakia skripti kutoka mahali usipopaidhinisha, na ujumbe wake wa kukataa hupita haraka mwanzoni kabisa.

Utakutana pia na `<optimized out>` kwenye vigeu. Usijaribu kujenga kerneli nzima kwa `-O0`, haitajengeka. Msimbo wake unategemea kompaila kuondoa matawi yasiyofikiwa na kupachika funksheni ndogo ndani ya zile zinazoziita. Bila hayo, ukaguzi kama `BUILD_BUG_ON` na baadhi ya vipande vya asembli vinashindwa. Kwa faili moja ya draiva yako, weka `CFLAGS_draiva.o := -Og` kwenye Makefile ya moduli. Hiyo kwa kawaida inapita.

---

bi_saketi

Nanga kamaliza upande wa gdb. Kwa dalili ulizoeleza, lakini, mimi nisingeanza na gdb hata kidogo. Mfumo unaoanguka sekunde chache baada ya `rmmod` karibu kila mara una kitu kilichobaki hai baada ya moduli kuondoka: taima, kazi iliyo kwenye foleni, au kiitikio ambacho hakikufutwa usajili. gdb itakuonyesha mahali ilipoangukia, na pale hukuti mkosaji.

Jenga kerneli ya pili, kwenye folda yake, yenye KASAN (kikaguzi cha matumizi mabaya ya kumbukumbu) na `DEBUG_OBJECTS` (kinachofuatilia uhai wa taima na kazi za foleni):

```
scripts/config --file ../jenga-kasan/.config \
  -e KASAN -e KASAN_GENERIC -e KASAN_INLINE \
  -e DEBUG_OBJECTS -e DEBUG_OBJECTS_FREE \
  -e DEBUG_OBJECTS_TIMERS -e DEBUG_OBJECTS_WORK \
  --set-str LOCALVERSION "-kasan"
```

Ongeza hapo mistari ya DWARF aliyoweka Nanga. Hayo ya `DEBUG_OBJECTS` watu wengi huyapita bila kuyatazama, na ndiyo yanayolingana na tatizo lako. Ukiachilia muundo wenye taima ambayo bado inasubiri kulia, utaona papo hapo mstari unaoanza na `ODEBUG: free active`, ukitaja `object type: timer_list`, pamoja na mlolongo wa miito ya aliyeachilia. Yaani unamkamata wakati anatenda, sekunde kadhaa kabla mfumo haujaanguka. Tiba kwa kawaida ni `timer_shutdown_sync()` au `cancel_work_sync()` kwenye njia ya kuondoka, kabla ya `kfree()`.

KASAN yenyewe inatenga moja ya nane ya kumbukumbu yote kwa ajili ya hesabu zake, na inapunguza kasi takriban mara tatu. Mashine pepe ya GB 4 itabeba. Ya MB 512 itakusumbua. `KASAN_INLINE` ina kasi kuliko `KASAN_OUTLINE` lakini picha ya kerneli inakuwa kubwa zaidi. Ripoti yake ikija, isome kwa mpangilio: mstari wa `BUG: KASAN: slab-use-after-free in ...` unataja aliyegusa. Chini yake kuna `Allocated by task`, halafu `Freed by task`. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo ya kuanza nayo. Kumbuka pia kwamba KASAN inatoa ripoti ya kwanza tu kisha inanyamaza, isipokuwa umeongeza `kasan_multi_shot` wakati wa kuwasha.

Jambo moja KASAN haitalisema vizuri: taima ikiita *msimbo* wa moduli iliyokwisha kuondolewa, unapata `unable to handle page fault`, kwa kawaida anwani ikianza na ffffffffc0. Hapo tafuta maneno `last unloaded:` mwishoni mwa orodha ya moduli ndani ya ujumbe wenyewe. Ukikuta jina la moduli yako, umeshapata jibu.

Kama KASAN ni nzito au inaficha hitilafu kwa kubadilisha mwendo wa mambo, shuka ngazi. `SLUB_DEBUG` huwa tayari imo; unaiamsha wakati wa kuwasha kwa `slub_debug=FZPU`, au kwa ukubwa mmoja tu, mfano `slub_debug=FZPU,kmalloc-256`. (Kuanzia 6.9 jina jipya ni `slab_debug`, la zamani bado linakubalika.) Ukiona rejista imejaa `6b6b6b6b6b6b6b6b`, pointa hiyo imesomwa kutoka kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, `5a` iliyojirudia ni kumbukumbu iliyotolewa lakini haijaandikwa kitu. Nyepesi kuliko zote ni KFENCE, ya tangu 5.12, inayochunguza sampuli tu: kwa kawaida moja kila milisekunde 100, kwa kama MB 2 za kumbukumbu. Hiyo unaweza kuiacha hata kwenye seva inayofanya kazi, ila usitegemee ikamate kosa lako ndani ya dakika moja.

Kuhusu /boot kujaa: simboli za DWARF zimo ndani ya kila .ko (faili ya moduli), nazo huingia kwenye initramfs. Sakinisha kwa

```
make O=../jenga-kasan INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
```

Hiyo inapunguza nakala zinazosakinishwa tu. Zilizo kwenye folda ya ujenzi zinabaki na simboli zote, na hizo ndizo gdb inazihitaji.

---

kamba_tatu

Niongeze kuhusu kuganda bila ujumbe. Hilo ni kufuli, au ni kulala mahali pasiporuhusiwa. Ujenzi wa tatu: `PROVE_LOCKING`, `DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, `DETECT_HUNG_TASK`, `SOFTLOCKUP_DETECTOR`. Usiuchanganye na wa KASAN mwanzoni. Vinakubaliana, lakini mwendo unakuwa wa kobe na hutajua kipi kimebadilisha tabia ya hitilafu. KCSAN, inayotafuta data kuguswa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja, ndiyo isiyokaa pamoja na KASAN kabisa. Kconfig itakukatalia.

Uzuri wa lockdep, yaani kikaguzi cha kufuli kinachowashwa na `PROVE_LOCKING`, ni kwamba haisubiri mkwamo utokee. Inatosha njia moja ya msimbo ishike kufuli A kisha B, na nyingine, saa nzima baadaye, ishike B kisha A. Utapata `possible circular locking dependency detected` hata kama mfumo haujawahi kuganda. Ila ikitoa ripoti moja tu inajizima hadi uwashe upya. Kwa hiyo kama draiva nyingine imelalamikiwa mapema wakati wa kuwaka, ya kwako haitaangaliwa tena. Soma dmesg kuanzia juu. Vilevile moduli yenye leseni iliyofungwa ikipakiwa, utaona `Disabling lock debugging due to kernel taint`, na mchezo umeisha.

Hung task inasubiri sekunde 120, soft lockup kama 20. Watu huzima mashine kabla ya muda huo, kisha wanasema hakuna ujumbe. Ngoja dakika tatu, huku konsoli ya mlango wa serial `ttyS0` ikiandika kwenye faili.

---

mchwa64

Shukrani sana wakuu. `ODEBUG: free active` imetokea mara moja, ni taima. Maswali mawili: ujenzi wa .config niliyonakili kutoka kwenye usambazaji wa kawaida unafia mwishoni kwa `pahole is not available`. Na je, naweza kutumia .ko ileile kwenye kerneli zote tatu?

---

Nanga

La pahole: config ya usambazaji huwa imewasha `DEBUG_INFO_BTF` (maelezo ya aina za data kwa ajili ya BPF, programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli), na hiyo inahitaji pahole. Sakinisha pahole (kwenye mifumo mingi imo ndani ya kifurushi cha dwarves), au zima BTF kama hutumii BPF. Ukikwama tena kwa `No rule to make target` inayotaja faili ya .pem, weka `SYSTEM_TRUSTED_KEYS` na `SYSTEM_REVOCATION_KEYS` ziwe tupu kwa `--set-str`. Vyeti hivyo ni vya waliojenga kifurushi, wewe huna.

La .ko: hapana, na hili ni la hatari. Lockdep ikiwashwa, kila kufuli linabeba data zaidi, kwa hiyo miundo yote yenye kufuli ndani yake inabadilika ukubwa. Ulinganisho wa toleo unaofanyika wakati wa kupakia hauangalii lockdep. Kama kerneli zote tatu zingekuwa na jina moja la toleo, na `MODVERSIONS` (ukaguzi wa toleo la kila simboli) haijawashwa, moduli ya ujenzi mmoja ingeweza kupita mlangoni na kuanza kuandika kwenye sehemu zisizo zake, halafu ungeshinda unatafuta hitilafu ambayo haimo kwenye msimbo wako. Ndiyo sababu kila ujenzi umepewa `LOCALVERSION` yake. Jenga moduli upya kila mara, kwenye folda yake:

```
make -C ~/jenga-kasan M=$PWD modules
```

---

bi_saketi

Na ripoti ukishaipata, usihesabu anwani kwa mkono:

```
scripts/decode_stacktrace.sh ~/jenga-kasan/vmlinux auto /njia/ya/moduli < ripoti.txt
```

Inageuza kila `funksheni+0x1a/0x50` kuwa jina la faili na namba ya mstari. Inahitaji vmlinux ya ujenzi uleule uliotoa ripoti. Ukijenga upya katikati, hata kwa badiliko dogo, namba zitakudanganya. Hifadhi vmlinux pamoja na .config kabla ya kila `make` mpya.