Mlo wa sikukuu kwa vyakula vya wakulima wa karibu

Swali: Wapendwa, safari hii nataka chakula cha sikukuu kitokane na kilicholimwa na kutengenezwa karibu nasi. Nianzie wapi? Wageni wangu wamezoea vya dukani.

Jibu: Tazama kwanza kilicho kwenye msimu, ndipo upange mapishi. Ukianza na mapishi utahangaika kutafuta kitu ambacho shambani hakipo. Kuku wa kienyeji mwagize mapema, na jikoni umpe muda. Nyama yake imekaza kuliko ya kuku wa kisasa, kwa hiyo mchemshe kwa moto mdogo mpaka alainike, kisha umkaange au umwoke. Supu yake usiimwage kamwe! Ipikie wali, utanishukuru.

Jibu: Naongezea asali. Ikiganda haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Ila mtoto wa chini ya mwaka 1 asionjeshwe kabisa.

Muulizaji: Asanteni sana. Na mboga za majani?

Jibu: Zichumwe asubuhi ya siku hiyohiyo. Muulize mkulima mwenyewe kipi kimekomaa. Mimi humwamini kuliko kitabu chochote cha mapishi.